Kiwele cha Mwenge

Asubuhi ile Mwenge alimpiga Bernadeta teke, na Mwenge hakuwa ng'ombe wa mateke. Ndoo ilipinduka, kigoda kikaruka huko, na Bernadeta mwenyewe akajikuta amekaa kwenye mavi, kanga imelowa. Aliinuka akimtukana kwa Kimakonde, matusi ya mapenzi, kisha akaweka mkono kwenye kiwele na matusi yakamkauka mdomoni. Kiwele kilikuwa cha moto. Upande wa nyuma wa kulia ulikuwa umevimba, umekuwa mgumu kama muhogo mbichi. Alikamua chuchu ya upande huo taratibu, ng'ombe akitetemeka, kikatoka kitu ambacho hakikuwa maziwa, majimaji ya njano yenye mabonge mabonge.

Tuseme ukweli, hakumwaza ng'ombe. Alimwaza Safari, mtoto wa kike wa miezi mitatu aliyelala nyumbani kwenye mkeka. Safari hakuwa na mama, wala hakuwa na chakula kingine duniani isipokuwa chupa ya maziwa ambayo kijiji kilimpa Bernadeta kila siku kwa kazi yake ya kukamua. Mama yake Safari alikuwa binti wa mama mdogo wa Bernadeta, huko ng'ambo ya Ruvuma. Alikimbia mabomu ya Mreno akiwa na mimba, akajifungulia njiani, akafika, na siku ya tisa akafa. Kwa Wamakonde hapo hapana mjadala, mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo ni wa Bernadeta. Lakini ukoo hauna maziwa. Claudia, mtoto wake wa mwisho, alikuwa na miaka minane na matiti yalikuwa yamekauka siku nyingi. Jirani mmoja alimnyonyesha Safari wiki mbili, kisha akashika mimba, akaacha. Maziwa ya kopo watu waliyasikia tu.

Hiyo ilikuwa Julai mwaka sabini na tatu, katika kijiji cha Ujamaa cha Namkulya, juu kabisa ya uwanda, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Newala mjini. Ng'ombe wa maziwa walikuwa watatu, walioletwa kwa lori la serikali ili kuwaonyesha watu wasiojua ng'ombe kwamba ng'ombe anafugika hata hapa. Mkutano wa kijiji uliwapa majina, Azimio, Jembe na Mwenge. Bernadeta alikamua asubuhi na mwenzake Somoe alikamua jioni. Yalikuwa hayo tu, na mwaka mzima yalikwenda vizuri.

Alirudi nyumbani na ndoo tupu. January, mumewe, alikuwa anajiandaa kwenda kwenye mikorosho. Alimtazama mkewe mara moja tu, akatoa baiskeli nje.

"Namfuata bwana mifugo," alisema. "Wewe mpe mtoto maji ya uvuguvugu kwanza."

"Maji hayashibishi, Baba Claudia."

"Yanadanganya tumbo. Ndiyo kazi yake leo."

Bwana mifugo alifika adhuhuri. Aliitwa Ambakisye, kijana wa Rungwe, mtu aliyezaliwa zizini, na watu wa Namkulya walipenda kumcheka kwa jinsi alivyozungumza na ng'ombe kabla hajawasalimu wenye ng'ombe. Somoe naye alikuwa amekwishafika bandani. Ambakisye alitoa kipande cha kibao cheusi cha shule, akakamulia juu yake matone ya kila chuchu, ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Juu ya weusi ule hakuna kilichofichika. Maziwa ya Mwenge yalikuwa usaha mtupu. Ya Jembe yalikuwa safi. Ya Azimio, ng'ombe mkongwe asiye na uvimbe wala homa, anayekula na kucheua kwa raha zake, yalikuwa na vipunje vyeupe, vidogo kama chenga za mchele.

"Huyu ndiye mwenyewe," alisema Ambakisye, akampigapiga Azimio mgongoni.

"Azimio mzima wa afya," alisema Bernadeta.

"Mzima kwa nje. Sikilizeni, mama zangu. Mwili wa ng'ombe una askari, wanakaa kwenye damu. Vijidudu vikiingia kwa tundu la chuchu, askari wanatoka kwenda kupigana. Huyu mzee alipata vijidudu hivi zamani, pengine hukohuko alikotoka. Askari wake wamevizingira. Hawavimalizi na hawashindwi. Ndiyo hivi vipunje, maiti za hapa na pale. Mwenge amezaa mara hii ya kwanza tu, askari wake hawajawahi kuona vita. Wamekurupuka wote kwa pamoja. Hilo joto na huo uvimbe ndiyo vita yenyewe, na vita ikiwa kali hata nyumba inayolindwa inaungua."

Kutoka kusini, ng'ambo ya mto, ulisikika mshindo mzito wa mbali, kama ilivyokuwa siku nyingi. Hakuna aliyegeuka.

"Kumbe na ng'ombe nao wana ukombozi," alisema January kutoka mlangoni, na Ambakisye akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Swali langu ni moja. Vijidudu hivi haviruki. Vimetoka kwa Azimio kwenda kwa Mwenge kwa mkono, au kwa kitambaa, au kwa maji ya kuoshea kiwele. Kila ng'ombe mnamwosha na maji yake?"

Maji ya Namkulya yalitoka bondeni. Mashine ya bomba ilikuwa imekufa tangu Aprili, na kushuka na kupanda na debe kichwani kulikula nusu ya siku. Juu ya uwanda ule hakuna mwanamke anayemwaga maji yaliyotumika mara moja. Maji yanaosha kunde, yanaosha vyombo, yanaosha miguu ya watoto, ndipo yanakwenda kwenye shina la mboga. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyoosha ng'ombe. Beseni moja na kitambaa kimoja, kwanza Azimio kwa kuwa ni mkubwa, halafu Mwenge, halafu maji yaliyobaki kwenye mche wa mpapai. Tena alijiona hodari. Kabla ya semina ya Ambakisye hakuwa akiwaosha kabisa.

"Kila ng'ombe na maji yake," alisema Bernadeta.

Somoe alikuwa ameinamia kamba ya Jembe.

"Vizuri," alisema Ambakisye, ingawa uso wake haukusema vizuri. "Ninayo dawa ya siku moja tu. Nitakwenda Masasi kutafuta nyingine. Maziwa ya Azimio na Mwenge yamwageni shimoni. Ya Jembe yachemsheni, apewe yule mtoto mchanga."

Jembe alikuwa anakaribia kukaushwa maziwa kabla ya kuzaa, alikamuliwa mara moja tu kwa siku, jioni, na aliyemkamua ni Somoe peke yake. Jioni hiyo Somoe alileta mwenyewe maziwa hayo nyumbani kwa Bernadeta, kikombe kimoja na nusu, yamekwishachemshwa. Alikaa kwenye mkeka akamtazama Safari akinyonya chupa kwa fujo, macho yamemtoka.

"Ana njaa ya kiaskari huyu," alisema Somoe.

Bernadeta alicheka, lakini hakuweza kumtazama usoni. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu yake mwenyewe. Ng'ombe wawili walioguswa na beseni walikuwa wagonjwa. Mmoja aliyeguswa na Somoe tu alikuwa mzima. Somoe alikuwa Mwislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa Masasi, na hakuweza kuosha kitu kwa maji yaliyokwishaosha kitu kingine, moyo wake haukumpa. Aliosha viwele kwa birika, akimimina kidogo kidogo kama mtu anayetawadha, maji yakidondoka chini na kuzama mchangani. Wanawake walimsema kwa kufuja maji. Bernadeta naye alimsema.

Mkutano uliitwa kesho yake mbele ya ghala la korosho. Mwenyekiti Modest alikuwa mtu wa haki kwa kipimo chake, lakini kipimo chake kilikuwa Newala, na Newala wangeuliza. Ng'ombe wa serikali hawezi kuugua bila mtu wa kuulizwa.

"Ndugu wananchi," alisema, "mali ya umma imedhurika. Tunataka kujua imedhurikaje."

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango alisimama. "Jembe anakamuliwa na nani?"

"Na Mama Esha," walijibu watu. Somoe alijulikana kwa jina la bintiye.

"Mwingine hamgusi?"

"Hamgusi."

"Na Jembe hana hata kidonda. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu, wa kwake amemkingaje?"

Watu walinong'ona. Mwanamke mmoja akasema alimwona Mama Esha kwa macho yake akimtawadhisha ng'ombe kwa birika, huku midomo inacheza. Kicheko kikapita, kile kicheko ambacho kikiisha watu hawabaki walivyokuwa. Mrisho, mume wa Somoe, alisimama. Alikuwa na kiduka Masasi kabla ya kuhamishiwa kijijini, na jambo hilo lilikuwa halijasahauliwa.

"Mke wangu anamimina maji safi tu. Huo ni usafi, si uchawi."

"Hakuna aliyetaja uchawi, Ndugu Mrisho," alisema Mwenyekiti. "Umeutaja wewe. Kaa."

Mrisho akakaa. Mwenyekiti akageuka.

"Mama Claudia, wewe ndiye mwenzake. Wewe unaoshaje?"

Bernadeta alisimama na Safari mgongoni. Mtoto alikuwa amelala, pumzi zake zikimpiga shingoni. Alijua kwamba akisema beseni, bandani anaondoka leo, na chupa inaondoka naye, kwa kuwa chupa ni ya mkamuaji, si ya yatima. Kijiji kilikuwa na yatima wengine.

"Kama alivyotufundisha bwana mifugo," alisema.

"Na mwenzako umemwona akifanya lolote?"

"Namwona na birika lake."

Hakusema uongo pale. Somoe alikuwa nalo birika, na alimwona. Maneno manne tu, ya kweli yote, na Bernadeta alikaa chini akitamani ardhi immeze.

Uamuzi haukuchukua muda. Mama Esha ataondolewa ukamuaji. Tena, kwa kuwa alizoea kufuja maji, atateka maji ya ng'ombe bondeni kila asubuhi mpaka mvua zinyeshe. Mama Claudia atakamua asubuhi na jioni. Katibu aliandika. Somoe alisikiliza akiwa amekaa wima, mikono juu ya magoti, na walipoulizwa kama kuna mwenye neno, mikono ile ilibaki palepale.

Ambakisye alirudi siku ya nne na mirija ya dawa. Aliiingiza kwenye chuchu za Mwenge na Azimio, akasugua viwele kwa mkono wake mwenyewe, akalala kijijini siku tatu. Homa ya Mwenge ilishuka. Ile chuchu ya nyuma ya kulia ilisinyaa, ikafa. Zilizobaki tatu zilipona, na chupa ya Safari ikarudi kujaa.

Habari ya mkutano aliipata kwa January. Alikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti, na Bernadeta, aliyekuwa akifagia banda, aliwasikia wakizungumza nje.

"Mwenyekiti, kuosha kwa birika ndiyo kuosha kwenyewe. Mama yule alikuwa sahihi kuliko wote."

"Inawezekana."

"Basi mrudishe."

"Muhtasari uko Newala, bwana mifugo. Unataka niwaandikie kwamba kijiji kizima kilikosea kwa ajili ya birika? Kama si yeye, ni nani? Niletee jina, nitaandika upya."

Ambakisye aliingia bandani. Alisimama muda mrefu akimtazama Bernadeta anavyofagia mahali palipokwishafagiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Unaosha kwa chombo gani?"

"Beseni."

"Moja?"

Bernadeta aliegemea ufagio. "Nina mtoto," alisema.

"Najua." Ambakisye alifunga mkoba wake polepole. Alikuwa mgeni kule, mtu wa mshahara, na alikuwa amekwishahamishwa mara mbili kwa kubishana na wenyeviti. "Kuanzia leo osha kwa birika," alisema, akapanda baiskeli yake.

Basi mwanamke akabaki na siri inayojulikana, ambayo ni nzito kuliko ile isiyojulikana.

Watoto walianza kumwita Somoe Mama Birika. Esha, bintiye wa miaka mitano, alirudi nyumbani akilia kwa sababu wenzake walimtaka atawadhishe mbuzi. Mrisho alipeleka karanga zake mnadani Newala kwa kuwa hapa hazikununuliwa. Na kila asubuhi, jua linapochomoza, Somoe alitokea kwenye ukingo wa mteremko, debe kichwani, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini, akaja kulitua mlangoni mwa banda. Wiki mbili alifanya hivyo bila kutamka zaidi ya salamu.

Siku ya kumi na tano Bernadeta alikwenda kumpokea.

"Usinisaidie kutua," alisema Somoe.

Alitua mwenyewe. Maji yakamwagika kidogo, wote wawili wakayatazama yakizama.

"Mama Esha, ni mimi. Ni beseni langu."

"Nilikuona tangu mwezi wa tano," alisema Somoe. "Nilitaka kukwambia. Nikaona utasema najifanya msafi."

Ndivyo angesema kweli. Bernadeta alifuta uso kwa pindo la kanga. "Kwa nini hukulisema mkutanoni?"

"Nani angeniamini? Na kama wangeniamini, chupa ingekwenda wapi?" Somoe alikaa juu ya kigogo, akaanza kukung'uta vumbi miguuni. "Mimi nimezika wawili, Mama Claudia. Mtoto mwenye njaa analia, halafu siku moja anaacha kulia. Kimya kile nakijua. Siwezi kuwa sababu yake."

"Nitakwenda kwa Mwenyekiti leo hii. Nitasema."

"Ukisema leo, kesho banda ni la mkewe. Mtoto unamlisha nini, ming'oko ya kuchimba porini?" Aliinua macho. "Mwache ale kwanza. Akiota jino, akianza kumeza uji wa kushiba, siku hiyo utasimama pale ghalani, utasema kwa mdomo wako mbele ya watu wote. Mimi nitakaa mbele kabisa, na Esha mapajani."

"Nitasema. Haki ya Mungu nitasema."

"Na sijakusamehe. Nakwambia mapema usije ukajidanganya."

Aliondoka. Bernadeta aliingia bandani, akamimina maji kidogo kidogo juu ya kiwele cha Azimio, kisha mengine juu ya kiwele cha Mwenge, akalia huku anakamua, na kazi ikaenda vilevile.

Agosti ikapita. Septemba jua likakaza, korosho zikaanza kuanguka, watu wakawa mashambani na habari ya birika ikapungua mdomoni, ingawa jina lilibaki. Safari alinenepa. Alijua kucheka sasa, alijua kumvuta January ndevu, na January, ambaye mwanzoni alinung'unika kuletewa mtoto wa vita, alikuwa anatoka shambani mapema ili avutwe. Bernadeta alizoea kupitisha kidole kwenye fizi za mtoto kila asubuhi kabla ya kwenda kukamua. Mwanzoni alifanya hivyo kwa hamu. Alijiona anasimama ghalani, anayatoa maneno yale, mzigo unatua. Lakini kadiri siku zilivyokwenda ndivyo alivyoziona nyuso. Alimwona yule mzee wa mlangoni. Aliwaona watoto wakimtafutia Claudia jina. Alimwona mke wa Mwenyekiti akipokea ndoo. Zaidi ya yote aliona watu watakavyouliza, mbona ulinyamaza miezi yote hiyo? Kila siku aliyongoja iliongeza swali hilo ukubwa, na hakuwa na namna ya kutongoja.

Katikati ya Oktoba, asubuhi ya Jumanne, kidole kiligusa kitu kigumu. Kidogo, chenye makali, fizi ya chini upande wa kushoto. Safari alimng'ata, akacheka. Bernadeta alitoa kidole, akakifuta kwenye kanga, akaenda bandani. Hakumwambia January. Jumatano hakumwambia mtu. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa bahari na kila mmoja alisema mwaka huu mvua itawahi. Mvua ikinyesha adhabu inakwisha yenyewe, alijiambia, na ikiisha, kuna haja gani tena ya kufukua?

Alhamisi Somoe alipanda mteremko kama kawaida. Alikuwa amekonda, na upande mmoja wa shingo ulikuwa umevimba kwa kubeba. Alitua debe peke yake, akanyoosha mgongo, akamtazama Safari aliyekuwa mgongoni mwa Bernadeta akitafuna ncha ya kanga, mate yakimchuruzika.

"Hajambo mtoto?"

"Hajambo."

"Ameanza kuota?"

"Bado," alisema Bernadeta.

Somoe alimtazama mtoto anavyotafuna. Kisha akachukua debe tupu la jana, akaliweka kichwani, akashuka bondeni.